TIYARA: WASIWASI WA NAMBA, SIKU NA NDEGE

Bismillahir Rahmanir Rahim

Shukrani zote ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, somo letu la Ijumaa hii linahusu jambo ambalo wengi wetu tunalo kifuani na wachache tunalisema: ile hofu ya ghafla kwamba siku hii si njema, namba hii ina mkosi, au ndege yule ametuletea habari mbaya. Wanachuoni wanaliita jambo hili tiyara. Tumelichagua kwa sababu vijana wetu hapa Vitshumbi wanajifunza Kiingereza kwa bidii, na ni vizuri wajifunze. Ng'ambo ya ziwa ni Uganda, samaki wetu wanauzwa huko, na mwenye kujua lugha ya jirani hapunjwi sokoni. Lakini lugha haiji peke yake. Huja na desturi za wenyewe, na katika desturi hizo imo hofu ya namba 13 na ya Ijumaa inayoangukia tarehe 13. Kijana akiziokota hofu hizi na kuziongeza juu ya zile alizorithi nyumbani, atakuwa amebeba mzigo wa mataifa mawili.

1. MANENO YETU YA HOFU

Tuanze na Kiswahili chetu. Mtu mwenye hofu husema: moyo unanidunda, mwili unanisisimka, nywele zimenisimama, roho iko juu juu. Maneno haya yanaeleza mambo ambayo mwili hufanya kweli. Mtu akishtuka, damu huenda mbio, pumzi hupanda, ngozi husisimka na vinyweleo husimama. Allah (s.w.) ameuumba mwili hivyo ili mtu aweze kukimbia hatari au kuikabili. Si dalili kwamba kuna balaa linakuja, ila ni dalili kwamba umeogopa.

Tazameni tena maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu: hofu, shaka, fadhaa. Na lile tunalolitumia kuliko yote ni wasiwasi. Asili yake ni waswasi, yaani mnong'ono, na ndilo lililomo katika Suratun-Nas, sura ambayo hata mtoto wa madrasa anaijua. Kila unaposema "nina wasiwasi", unasema kwamba kuna kinachonong'ona kifuani mwako. Swali la kujiuliza ni hili: ni nani anayenong'ona, na je, anasema kweli?

2. MANENO YA WAINGEREZA

Waingereza nao wana maneno yao. Wanaojifunza wayaandike, kwa sababu hayafasiriki neno kwa neno.

(a) "I have butterflies in my stomach." Tafsiri ya neno kwa neno ni kwamba nina vipepeo tumboni. Maana yake ni kwamba tumbo linanicheza kwa wasiwasi, kama mwanafunzi kabla ya mtihani.

(b) "I have goose bumps." Ni vipele vya ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa manyoya. Sisi tunasema mwili umenisisimka.

(c) "I got cold feet." Miguu imepata baridi. Maana yake niliingiwa na woga nikaghairi jambo nililokuwa nimekwisha kulikubali.

(d) "Someone walked over my grave." Mtu amepita juu ya kaburi langu. Hulisema anapotetemeka bila kujua sababu.

(e) "Touch wood." Gusa mti. Mwingereza akisema kwamba mwaka huu hajaugua, hutafuta meza au mlango aguse, ili neno lake zuri lisigeuke kuwa baya.

Ndugu msomaji, angalia tofauti. Matatu ya kwanza yanaeleza hali ya mtu tu, hayana ubaya wowote. Muislamu anaweza kuyasema. La nne na la tano yamebeba itikadi ndani yake: moja linamfanya mtu afikiri kwamba kaburi ambalo halijachimbwa linampa habari, na jingine linaomba ulinzi kwa ubao. Wengi wanaoyasema leo hawafikirii maana hiyo, ni mazoea ya ulimi. Lakini sisi tuna neno letu la mahali hapo. Tukitaja neema tunasema Alhamdulillah na Mashaallah, na tukitaja jambo la kesho tunasema Inshaallah. Ubao haulindi kitu. Hata mtumbwi ambao wote ni ubao unazama.

3. NDEGE MBAYA

Neno tiyara limetokana na tayr, yaani ndege. Waarabu wa zama za ujahili walipotaka kusafiri walimshtua ndege. Akirukia upande wa kulia walifurahi na kuondoka. Akirukia kushoto walirudi nyumbani.

Kiswahili nacho kina jambo hilihili. Katika Kiswahili cha zamani, ndege ni pia jina la ishara: aliyekutana na jambo la heri njiani alisema amepata ndege njema, na aliyekutana na la shari alisema amepata ndege mbaya. Warumi wa kale nao walikuwa na watu maalumu wa kutazama ndege kabla ya vita na kabla ya kumtawaza mkubwa, na kutokana na kazi hiyo Waingereza wana neno "auspicious", yaani chenye ishara njema. Hata neno lao la "disaster", maafa, asili yake ni nyota mbaya. Mataifa ambayo hayakuonana yameangukia kosa moja, kwa sababu moyo wa mwanadamu ni mmoja. Unataka kuijua kesho, na kesho haijulikani, kwa hiyo unamuuliza ndege.

Sisi wa Vitshumbi tungepaswa kuwa wa mwisho kuamini haya. Hapa kijijini korongo wakubwa wenye shingo tupu wanatembea kati ya mitumbwi kama wenyeji, wanangoja matumbo ya samaki. Wanaruka kulia, wanaruka kushoto, kutwa nzima. Kama ndege wangekuwa wanagawa bahati, basi hakuna mvuvi hapa ambaye angeweza kujua siku yake ni ya heri au ya shari. Korongo anafuata matumbo ya samaki. Na bundi anayelia juu ya paa usiku anatafuta panya. Hana habari ya mgonjwa aliyelala ndani.

4. NAMBA WANAZOZIOGOPA WATU

Wazungu wengi huogopa 13. Wakristo wa Ulaya wanasimulia kwamba katika karamu ya mwisho ya Nabii Isa (a.s.) walikaa watu 13 mezani, na mmoja wao akawa msaliti. Kutokana na simulizi hiyo kukawa na hofu ya kukaa watu 13 mezani. Katika hoteli ya Savoy, London, kuna sanamu ya paka wa mti iliyochongwa mwaka 1927. Wageni wakiwa 13, paka huyo huwekwa kwenye kiti cha 14 na kufungwa kitambaa kama mlaji. Katika majengo marefu mengi ya Marekani ghorofa ya 12 hufuatwa na ya 14. Katika baadhi ya ndege za abiria, kama za Lufthansa na Air France, hakuna safu ya 13. Lakini ghorofa iliyo juu ya ya 12 ni ya 13, hata ukiibandika jina gani.

Sasa tusafiri kidogo. Italia wanaogopa 17, kwa sababu herufi za namba hiyo kwa maandishi ya Kirumi zikipangwa upya hutoa neno la Kilatini lenye maana ya "nimekwisha kuishi", yaani nimekufa. Hispania na Ugiriki siku yao mbaya ni Jumanne ya tarehe 13, wala si Ijumaa. China na Japani wanaogopa 4, kwa sababu matamshi yake yanafanana na neno la kifo. Jirani zetu Wakikuyu wa Kenya, katika mila zao za zamani, waliikwepa 7. Na tusidhani kwamba nchi za Kiislamu zimesalimika: Afghanistan, mwaka 2011, watu walikataa magari yenye namba 39 kwa sababu ilihusishwa na aibu, na wenye magari hayo wakakosa wanunuzi.

Basi tuulize: namba yenye nuksi ni ipi? Kama 13 ingekuwa na sumu, ingemuua Mchina kama inavyomtisha Mwingereza. Kama 4 ingekuwa na sumu, Mwingereza asingekaa salama kwenye chumba namba 4. Sumu haichagui lugha ya mtu. Ukiona kitu kinamdhuru yule tu aliyefundishwa kukiogopa, ujue madhara yako katika mafundisho.

Na Muislamu akihesabu kwa hesabu ya dini yake, ataona ajabu. Mtume (s.a.w.) alikaa Makka miaka 13 baada ya kupewa utume. Siku za tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo ni siku nyeupe, tunazosunniwa kuzifunga. Rakaa za faradhi kwa siku ya kawaida, 2 za Alfajiri, 4 za Adhuhuri, 4 za Alasiri, 3 za Magharibi na 4 za Isha, jumla yake ni 17, na vita vya Badr vilikuwa tarehe 17 Ramadhani. Tunatufu Al-Kaaba mara 7 na kwenda baina ya Safa na Marwa mara 7. Miezi mitukufu ni 4. Na Ijumaa ni bora ya siku za juma. Sasa Muislamu anayeiogopa Ijumaa ya tarehe 13 anaogopa kitu gani? Siku yake ya kukutana na ndugu zake msikitini?

5. TUPIME KWA MATUKIO

Kalenda inayotumika serikalini ilianza mwaka 1582. Katika kila miaka 400 ya kalenda hiyo kuna tarehe 13 zipatazo 4,800, na kati ya hizo 688 huangukia Ijumaa, kidogo zaidi kuliko siku nyingine yoyote ya juma. Hakuna mwaka usiokuwa na Ijumaa ya tarehe 13 angalau moja, na hazizidi 3. Ni jambo la hesabu, kama vile kujua soko litakuwa siku gani.

Tutazame maafa tunayoyajua. Volkano ya Nyiragongo ililipuka Jumatatu tarehe 10 Januari 1977. Ikalipuka Alhamisi tarehe 17 Januari 2002, moto ukapita katikati ya mji wa Goma. Ikalipuka tena Jumamosi tarehe 22 Mei 2021. Hakuna hata moja iliyongoja Ijumaa ya tarehe 13.

Tutazame na maji, kwa sababu sisi ni watu wa maji. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza Jumanne tarehe 21 Mei 1996. Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba Jumamosi tarehe 10 Septemba 2011. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018. Na hapa kwetu, mashua ya Merdi kutoka Minova ilizama katika ziwa Kivu, karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, watu wanatazama kutoka ufukweni. Siku ni tofauti, tarehe ni tofauti, maji ni tofauti. Lakini kuna jambo moja lililofanana katika vyombo vyote 4: vilikuwa vimejaza watu na mizigo kupita kiasi. Namba iliyoua ni ile ya abiria waliozidi, wala haikuwa ya kalenda.

Wako watakaotaja chombo cha anga cha Wamarekani kilichoitwa Apollo 13. Ni kweli kwamba tangi lake la oksijeni lililipuka safarini tarehe 13 Aprili 1970. Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba waya za ndani ya tangi hilo ziliharibika hapa duniani kabla ya safari. Na watu wake wote 3 walirudi wakiwa hai tarehe 17. Challenger, ambacho hakikuwa na namba 13, kililipuka tarehe 28 Januari 1986 na watu wote 7 wakafa. Wanaohesabu mikosi hukumbuka cha kwanza na kusahau cha pili. Ndivyo tiyara inavyoishi: inakula yale yanayoikubali na kutema yale yanayoikataa.

6. DINI INASEMA NINI

Qur'an inatuonyesha kwamba tiyara ni silaha ya zamani ya wenye kukataa haki. Watu wa Firauni walipopatwa na shida walimtupia mkosi Nabii Musa (a.s.) na waliokuwa pamoja naye. Thamudi walimwambia Nabii Saleh (a.s.) vivyo hivyo. Na katika Suratu Yasin watu wa mji waliwaambia mitume waliotumwa kwao kwamba wamewaletea nuhusi, nao wakajibiwa kwamba nuhusi yao wanayo wenyewe. Tazameni: kila mara aliyesema "huyu ana mkosi" alikuwa mkosaji, na aliyesemwa alikuwa Mtume wa Allah.

Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alikanusha tiyara, akakanusha itikadi ya bundi na akakanusha nuksi ya mwezi wa Safar, ambao Waswahili wanauita Mfunguo Tano. Pamoja na hayo, wako Waislamu waliobaki wakiiogopa Jumatano ya mwisho ya mwezi huo. Waarabu waliuona mwezi wa Shawwal kuwa mbaya kwa ndoa, na Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akieleza kwamba yeye aliozwa katika Shawwal, na hakuna aliyekuwa na bahati kuliko yeye kwa Mtume (s.a.w.). Na mwaka wa 10 wa Hijra, siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa sababu ya kifo hicho. Mtu mwingine angenyamaza aheshimiwe. Lakini Mtume (s.a.w.), naye yuko katika msiba, aliwafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha yeyote wala kwa uhai wake.

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Sahaba Muawiya bin Al-Hakam (r.a.) alimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba wako kati yao wanaoona tiyara. Akamjibu kwamba hilo ni jambo wanalolikuta vifuani mwao, basi lisiwazuie. Hadithi hii ameipokea Muslim. Hakuwaambia kwamba kuhisi ni ukafiri. Na imepokewa kwa Ibn Masud (r.a.) kwamba tiyara ni katika shirki, na kwamba hakuna yeyote katika wao isipokuwa humpata kitu moyoni, lakini Allah (s.w.) hukiondoa kwa kumtegemea Yeye.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usijilaumu kwa kusisimka mwili bundi alipolia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kosa linaanza pale unaporudi njiani, unapofuta safari, unapomkataa mchumba, unapoutupa mtumbwi wako mzima kwa sababu ya namba iliyoandikwa ubavuni. Hapo umeipa namba hukumu, na hukumu ni ya Allah peke yake.

7. HOFU YENYE SABABU

Asije mtu akasema: "Basi tusiogope chochote." La. Kuna hofu yenye sababu na kuna hofu isiyo na sababu. Mvuvi anayeona wingu jeusi upande wa milima na kusikia upepo umegeuka, kisha akarudi ufukweni, huyo hakufanya tiyara. Wingu lina uhusiano na dhoruba. Anayezima motere akikaribia kundi la viboko na kuzunguka mbali nao, ana akili. Lakini anayeona wingu jeusi na kwenda kwa kuwa leo ni siku ya bahati, huyo ndiye aliyefanya tiyara, ingawa tiyara yake ni ya kufurahisha.

Umar bin Al-Khattab (r.a.) alipokuwa akielekea Shamu alipata habari ya tauni, akarudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anakimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Na Mtume (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ategemee.

Katika ugonjwa wa Ebola uliopita mkoani kwetu na Ituri kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, waliugua watu zaidi ya 3,400 na wakafa zaidi ya 2,200. Walikuwepo waliosema ni uchawi, wakakimbia wauguzi na kuosha maiti kwa mikono mitupu. Waliogopa kisichoua na hawakuogopa kinachoua. Hii ndiyo hasara kubwa ya tiyara: inamaliza hofu ya mtu mahali pasipostahili, hata hofu inapotakiwa hana tena.

Tunasema pia "ajali haina kinga". Neno hilo tulitumie kwa adabu. Kadari haina kinga, lakini jaketi ya kuokolea ipo, idadi ya abiria inajulikana, na tundu la mtumbwi linazibika kwa lami.

8. TIYARA INAPOMGEUKIA MTU

Kuna jambo zito kuliko namba. Tiyara haikai kwenye kalenda na ndege tu. Ikizoea moyo, hutafuta uso wa mtu. Nyavu zikirudi tupu siku tatu, huulizwa ni nani tuliyekutana naye asubuhi. Mume akifa majini, mjane huitwa mkosi. Mtoto akizaliwa na kilema, au mapacha wakizaliwa mwaka wa shida, au yatima akihamia kwa shangazi na kuku wakaanza kufa, hutajwa yeye. Kisha anaitwa mchawi, anapigwa, ananyimwa chakula, anafukuzwa.

Ndugu zangu, huyu ni mtu ambaye Allah (s.w.) ameharamisha damu yake na heshima yake. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa yatima. Wake zake wengi walikuwa wajane alipowaoa. Anayemwita yatima au mjane nuksi na akumbuke hayo. Tena sheria ya nchi iko wazi: Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, imekataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, inamhukumu mwenye kumshtaki kifungo cha mwaka 1 hadi 3 pamoja na faini. Nyavu zikirudi tupu, tazama macho ya nyavu, tazama wingi wa mitumbwi ziwani, tazama samaki wachanga waliovuliwa mwaka jana. Jibu liko hapo. Haliko usoni mwa mtoto.

9. LA KUFANYA

Kwanza, ukihisi wasiwasi, uulize una sababu gani. Ikiwa ipo, chukua tahadhari. Ikiwa haipo, endelea na kazi yako.

Pili, Mtume (s.a.w.) alituachia badala. Aliyetaka jambo na akasita, aswali rakaa mbili za Istikhara na amuombe Mola wake amchagulie. Asiende kwa mpiga ramli, kwani anayemuuliza mpiga ramli hazikubaliwi sala zake siku 40.

Tatu, aliyezuiwa na tiyara, basi arudi kwa Allah kwa dua aliyotufundisha Mtume (s.a.w.), ambayo maana yake ni kukiri kwamba hakuna heri isipokuwa heri Yake, wala hakuna ndege wa ishara isipokuwa wa amri Yake.

Nne, tumia neno jema. Mtume (s.a.w.) alichukia tiyara na alipenda fali, yaani neno zuri. Siku ya Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra, alipomwona mjumbe aitwaye Suhayl, jina lenye maana ya wepesi, aliwabashiria Masahaba wake kwamba jambo lao limekuwa jepesi. Neno jema hujenga dhana njema kwa Allah na halimzuii mtu kazi yake. Basi mwenzako anapoingia ziwani usimwambie habari za waliozama. Mwambie: "Allah akurudishe salama." Kisha mtazame kama amevaa jaketi.

Tano, wazazi na walimu wa madrasa wawafundishe watoto hesabu bila vitisho. Kumi na tatu inakuja baada ya kumi na mbili, na baada yake ni kumi na nne. Hivyo tu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Neno wasiwasi limetoka wapi, na maana yake ya asili ni nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya kuhisi tiyara na kuifuata?
3. Taja namba 3 zinazoogopwa na mataifa tofauti, na utaje mahali zinapotumika katika ibada yetu.
4. Mvuvi aliyerudi kwa kuona wingu jeusi na aliyerudi kwa kuona bundi wana tofauti gani?
5. Utamjibu nini jirani anayesema kwamba mtoto fulani ana mkosi?

Ewe Mola, tulinde na minong'ono ya vifua vyetu, warudishe salama wavuvi wetu, wahifadhi yatima na wajane wetu, na uujaalie mkoa wetu amani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

ANGALIZO: Karatasi hii ina majina matukufu. Tafadhali usiitupe chini wala kufungia samaki. Usiisome khatibu akiwa juu ya mimbari. Ukimaliza, mpe asiyepata.